SOMO LA LEO: Mteja akiuliza "waya za spika lazima zilingane urefu?" usimjibu kama nilivyojibu mimi

Leo nawaletea kosa langu mwenyewe, maana liliniuma mfukoni na kwenye jina.

Nauza spika, amplifaya na vifaa vyake mtandaoni. Kuna dada mmoja aliniandikia inboksi: amplifaya yake iko kwenye kona ya sebule, spika ya kushoto iko mita 3, ya kulia mita 9. Akauliza, "Kaka, waya zikipishana urefu si sauti itapishana?" Mimi nikamjibu harakaharaka, "Ndiyo dada, chukua mita 9 kila upande." Nikamuuzia mita 18 kwa 2,500 kila mita. Alihitaji mita 12 tu.

Sikuwa na nia ya kumwibia. Ndivyo nilivyosikia kwa waliokuwa wanauza kabla yangu, na mimi nikarudia. Fundi alipokwenda kumfungia akamwambia ukweli. Dada akaandika kwenye posti yangu, mbele ya wateja wengine: "Uliniuzia mita sita za bure." Nilimrudishia 15,000 yake, lakini ile komenti ilishasomwa. Ndipo nikakaa chini kujifunza.

UKWELI NI HUU

Kuna mambo mawili watu wanayachanganya: kuchelewa kwa sauti na kupungua kwa sauti.

1. Kuchelewa. Umeme kwenye waya unakimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Waya mmoja ukizidi mwenzake kwa mita 6, tofauti yake ni kama kuikata sekunde moja vipande bilioni moja, halafu ukachukua vipande 30. Sauti yenyewe hewani inakwenda kama mita 343 tu kwa sekunde. Kwa hiyo mteja akisogea sentimita 10 tu karibu na spika moja, analeta tofauti kubwa mara elfu kumi hivi kuliko ule waya. Hakuna sikio la kusikia hiyo ya waya.

2. Kupungua. Hapa ndipo penye neno. Waya una ukinzani, na ukiwa mrefu na mwembamba unakula nguvu kidogo kabla haijafika kwenye spika. Lakini dawa yake ni unene wa waya. Kumrefushia waya yule wa karibu ni kuzidisha hasara upande wa pili.

Kipimo ninachotumia: ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika (ile namba yenye alama ya Ω nyuma yake). Kwa waya wa shaba na spika ya omu 8 inakuwa hivi:

- Waya wa 0.75: mwisho kama mita 8
- Waya wa 1.5: mwisho kama mita 17
- Waya wa 2.5: mwisho kama mita 28

Spika ikiwa ya omu 4, gawanya kwa mbili. Waya wa mbali ukiwa ndani ya kipimo, wa karibu uwe mita 2 au 3, vyovyote, hamna shida. Yule dada angechukua 1.5, mita 3 na mita 9, akalala usingizi.

Je, kama mteja ameshakata waya sawa na mmoja umebaki mrefu? Asiutupe. Aukunje vizuri nyuma ya kabati, sauti haitabadilika.

VITU VIWILI VINAVYOHARIBU SAUTI KWELI

Kwanza, kugeuza chanya na hasi. Spika moja ikifungwa sawa na nyingine ikageuzwa, besi inakufa na sauti inakuwa kama haina katikati. Mteja anakwambia "mzigo wako mbovu" kumbe nyuzi zimepishana tu. Siku hizi mteja akilalamika besi, kabla sijaongelea kurudisha mzigo namwambia anipigie picha nyuma ya spika zote mbili na nyuma ya amplifaya. Hiyo peke yake imeniokolea nauli za boda nyingi.

Pili, waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwa nje unang'aa kama shaba, bei yake rahisi, lakini ukinzani wake ni mkubwa zaidi kwa unene uleule. Kabla hujanunua mzigo, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ndani ukiwa mwekundu ni shaba. Ukiwa mweupe kama sufuria ni aluminiamu. Sikatazi kuuuza, ila mwambie mteja ni nini anachonunua, na umshauri achukue mnene zaidi.

JIBU LA KUNAKILI UKAMTUMIE MTEJA

"Asante kwa kuuliza. Si lazima zilingane. Naomba nijue mambo matatu: kutoka amplifaya hadi kila spika ni mita ngapi (pima ukutani, waya unapopita, usipime hewani), nyuma ya spika imeandikwa omu ngapi, na waya utafichwa au utaonekana? Nitakupa unene na urefu unaokutosha. Ongeza nusu mita kila upande ya kufungia."

Utasema: sasa si nitauza mita chache? Ndiyo, siku hiyo. Yule dada nilipomrudishia hela na kumweleza hesabu yote, hakununua tena kwa muda. Halafu siku moja akaniletea kaka yake anayefunga muziki kwenye ukumbi. Huyo alichukua rola nzima ya 2.5, na kabla ya kulipa akaniuliza, "Ni shaba kweli?" Nikamkwangulia uzi mmoja mbele yake.

Bidhaa yako yoyote ile ina swali kama hili, ambalo wote tunalijibu kwa mazoea. Lichunguze kabla mteja hajachunguziwa na fundi wake.

Wewe unauza nini, na ni swali gani la mteja huwa linakutoa jasho? Andika kwenye komenti, tulichambue pamoja.