Betri ya Laptopu Mpya Imechoka Kabla ya Mwaka? Anza na Meseji Yako ya Malipo

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alinunua laptopu mpya mwezi wa Januari, katikati ya jiji la Nairobi, kwa KSh 58,000. Mwanzoni ilikuwa inakaa na chaji karibu saa sita. Kufika Agosti, stima ikipotea ana saa moja na nusu tu, kisha skrini inazima. Akarudi dukani. Jibu alilopata ni lile ambalo wengi wenu mmeshalisikia: "Betri haiko kwa waranti, hiyo huisha tu."

Jibu hilo lina ukweli kidogo, na ndiyo maana linawashinda watu. Betri za lithiamu huchoka kwa kutumika, na waranti nyingi hazilipii uchovu wa kawaida. Kinacholipiwa ni kasoro. Kwa hivyo kazi yako si kulalamika kwamba betri imechoka. Kazi yako ni kuonyesha kwamba imechoka mapema kuliko inavyofaa, na kwamba laptopu hiyo ni yako, ulinunua tarehe fulani kutoka kwa duka fulani.

Tuanze na betri yenyewe. Kama laptopu yako ni ya Windows, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport kisha ubonyeze Enter. Itakuonyesha mahali ambapo imehifadhi ripoti. Ifungue kama ukurasa wa intaneti. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo wake wa sasa. Ya mwenzetu ilisoma 45,000 mWh kwa ule wa kwanza na 27,450 mWh kwa wa pili. Gawanya, unapata asilimia 61. Chini yake kuna Cycle Count, idadi ya mizunguko ya kujaza na kumaliza chaji (laptopu zingine haziionyeshi). Yake ilikuwa 112. Hapo ndipo kesi yake ilipopata nguvu. Kwa kulinganisha, Apple husema betri za MacBook za kisasa zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000. Kampuni hazifanani, lakini kupoteza karibu asilimia 40 kwa mizunguko 112 si uchovu wa kawaida, popote pale.

Ripoti hiyo pia ina historia ya uwezo wa betri kwa tarehe. Usiipuuze. Inaonyesha kama betri ilishuka polepole au iliporomoka kwa wiki chache, na tarehe hizo hujaziandika wewe.

Kabla ya kwenda popote, fanya jambo moja ambalo fundi atakuuliza: sasisha programu za laptopu, jaza chaji hadi 100, itumie hadi ijizime, kisha ujaze tena. Wakati mwingine betri ni nzima ila kipimo ndicho kinachodanganya. Ila kama betri imevimba, yaani kipanya cha kugusa kimeinuka au kifuniko hakifungi vizuri, usijaribu hayo. Zima, toa chaja, usiifinye wala kuitoboa, na uipeleke kwa fundi.

Sasa tuje kwa upande wetu, malipo. Mwenzetu alilipa mara mbili. KSh 20,000 za kuwekewa laptopu alizituma kwa namba ya simu ya kijana wa mauzo, "kwa sababu till ilikuwa na shida." Zile 38,000 zilizobaki alilipa kwa till ya duka. Risiti ya karatasi ilishafifia, haisomeki. Basi akabaki na meseji mbili: moja ina jina la duka, tarehe na namba ya muamala, nyingine ina jina la mtu ambaye, bahati mbaya, ameshaacha kazi pale. Duka likasema linatambua 38,000 tu.

Hii ndiyo sababu tunarudia kila siku: lipa kwa till au paybill ya duka, na usome jina kabla ya kuweka PIN. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi, rekodi yetu inaonyesha umemtumia mtu pesa. Haionyeshi umenunua kitu. Hatuwezi kuibadilisha baadaye.

Na ukishalipa, hakikisha risiti ina namba ya siriali ya laptopu, ile iliyo chini ya mashine au kwenye kasha. Meseji ya malipo inathibitisha pesa, haithibitishi mashine. Piga picha ya risiti siku hiyo hiyo, maana wino wa mashine zile hauna maisha. Kama umefuta meseji, omba taarifa ya malipo ya miezi hiyo kupitia app au menyu ya huduma. Ukiituma dukani, funika miamala mingine. Muuzaji hahitaji kujua kodi yako ni ngapi. Na hakuna waranti duniani inayohitaji PIN yako.

Kuna wanaotupigia wakitaka turudishe pesa walizolipa duka ili "wajue hatuchezi". Huduma hiyo ni ya pesa zilizoenda namba isiyo sahihi. Mzozo wa bidhaa hautatuliwi hapo.

Ukiwa na ripoti, risiti na meseji, usianzie kwa muuzaji peke yake. Ingiza namba ya siriali kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti inaisha lini. Ya mwenzetu ilikuwa na miezi minne zaidi. Alipeleka kila kitu kwa kituo cha huduma cha mtengenezaji, na zile 38,000 zenye jina la duka pamoja na picha ya kasha zikatosha. Betri ilibadilishwa bila malipo. (Kwa laptopu za ex-UK hali ni tofauti: betri imeshatumika, na waranti huwa ni ya duka tu, mara nyingi miezi michache. Iandikwe kwenye risiti, na itaje betri.)

Kama wangekataa, bado kulikuwa na njia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi KSh milioni 1 na hulazimiki kuwa na wakili.

Kwa betri mpya, mwenzetu amewasha mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, maana laptopu yake hushinda kwenye chaja mezani, na ameacha kuitumia juu ya blanketi. Pia aliomba karatasi ya kazi yenye tarehe na namba ya betri iliyowekwa. Ameipiga picha tayari.