Nishati ya DNA kwenye joto la mwili

Swali: Nyuzi mbili za DNA yangu ziliachana kwenye sentigredi 70. Je, nishati niliyopima hapo inafaa kukadiria uthabiti wake kwenye 37?

Jibu: Usiitumie bila kuirekebisha. Nyuzi zikiachana, besi zilizolaliana hukutana na maji, na uwezo joto wa mchanganyiko huongezeka. Hivyo nishati ya kuzitenganisha hupungua kadiri joto linavyoshuka. Ukiichukulia haibadiliki, utaona DNA imara kuliko ilivyo. Kwa tofauti ya sentigredi chache kosa ni dogo. Kwa tofauti ya 33, kama yako, lihesabu. Ili kulihesabu, badilisha kiasi cha chumvi, pima upya, kisha chora grafu ya nishati dhidi ya joto la kuachana: mwinamo wake hukadiria badiliko la uwezo joto.