SOMO LA WANACHAMA: KUISOMA HALI YA HEWA YA WIKI IJAYO MWISHONI MWA MVUA



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumzia leja, mizani na stakabadhi. Somo la leo linahusu jambo lisiloandikwa katika leja, lakini linaloweza kuifanya leja ikose cha kuandikwa. Nalo ni hali ya hewa ya siku saba za mwezi Mei katika pwani yetu, toka Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi.

1. Mei ni mwezi wa namna gani?

Mvua za msimu katika mikoa ya Lindi na Mtwara kwa kawaida huanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wakati huo jua limekwisha kuelekea kaskazini, na ukanda wa mvua hulifuata. Nyuma yake hushika upepo wa kusi, utokao kusini-mashariki juu ya bahari. Kabla upepo huo haujatulia, wiki moja huweza kuwa na mambo mengi: jua zuri la kuanikia, manyunyu ya usiku na alfajiri, upepo mkali, na pengine mvua kubwa ya kuaga msimu.

Wiki hizo ndizo wiki za ufuta. Vifuko vya chini vinapogeuka manjano, mkulima hana budi kukata, kwa maana akichelewa vifuko hupasuka na mbegu humwagika chini. Lakini ufuta uliokatwa na kusimamishwa katika matita huhitaji siku nyingi za jua. Ukinyeshewa, mbegu hupoteza rangi, huota kuvu, na hukataliwa ghalani. Kwa hiyo kungoja kuna hasara yake, na kuharakisha kuna hasara yake. Anayefahamu wiki ijayo huchagua hasara iliyo ndogo.

2. Taarifa husomwaje?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, taarifa za siku kumi kwa ajili ya kilimo, na maonyo ya hadi siku tano mbele. Maonyo hayo yana ngazi tatu: angalizo, kwa rangi ya njano, tahadhari, kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa, kwa rangi nyekundu. Katibu asiishie kwenye rangi. Asome pia maneno mawili yanayofuata, yaani uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Jambo lenye uwezekano mdogo lakini athari kubwa halipuuzwi, kama vile hatuachi kufunga ghala kwa sababu mwizi hakuja jana.

Mara nyingi wakati wa kusi tutasikia habari za upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa mwenye ngalawa au dau, hayo ni maneno ya kutotweka tanga. Kwa mkulima wa mwani, ni maneno ya kukaza kamba, hasa siku za bamvua. Kwa mwenye ufuta, ni maneno ya kuyaegemeza matita kwenye fito imara.

3. Tusiseme "hapa hayafiki"

Wazee wengi husema kimbunga ni habari ya Madagaska na Msumbiji. Ni kweli kwamba pwani yetu iko karibu na ikweta, mahali ambapo vimbunga haviundiki kwa urahisi, na kisiwa cha Madagaska hutukinga na vingi vitokavyo mashariki. Hata hivyo, kimbunga kiliipiga Unguja Aprili 1872 na kuangusha mikarafuu mingi. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Na tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Wilayani Kilwa mvua na mafuriko yalibomoa nyumba, na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga. Maonyo yalikuwa yametangulia kutolewa.

4. Chama kimoja nilichokikagua

Mwaka mmoja niliitwa kukagua chama fulani cha msingi, kwa sababu wanachama walilalamika kuwa karani amekataa ufuta wao. Nilipekua vitabu siku mbili, nisione kosa. Ufuta wenyewe ulikuwa mweusi na wenye harufu ya kuvu. Nilipouliza habari za mvua, katibu alinionyesha karatasi ya onyo ikiwa bado imebandikwa mlangoni mwa ofisi.

"Mzee wangu, tangazo nilibandika siku ile ile," alimwambia mwanachama mmoja mzee.

Mzee akajibu, "Mwanangu, mlango hauna miguu. Sisi tulikuwa shambani."

Sikuwa na neno la kuongeza. Katika taarifa yangu niliandika kwamba hesabu ni safi. Niliandika vilevile kwamba wanachama wamepoteza mazao ya msimu mzima, na kwamba hasara hiyo ingeweza kupunguzwa kwa mtu mmoja mwenye baiskeli.

5. Wajibu wa chama

(a) Kila kitongoji kichague mjumbe wa hali ya hewa. Katibu ampelekee habari siku ile ile, kwa simu au kwa mguu.

(b) Katibu afungue daftari la hali ya hewa na kuandika tarehe ya onyo, ngazi yake, saa aliyolipokea, na majina ya wajumbe waliopata habari.

(c) Onyo likitolewa, ufuta ambao haujapevuka uachwe usimame. Uliokwisha kukauka upurwe mara moja juu ya turubai. Uliokatwa karibuni uegemezwe na kufunikwa juu, upepo upite chini.

(d) Halmashauri ikague paa la ghala na kuinua magunia juu ya vichanja kabla ya onyo, si baada yake.

(e) Onyo lisipotimia, mjumbe asichekwe. Akichekwa leo, kesho atanyamaza.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Onyo likifika leo saa 10 jioni, mwanachama wetu wa mbali kabisa atalipata saa ngapi?
2. Nani anashika zamu ya katibu akiwa safarini?
3. Chama chetu kina maturubai mangapi, na yako wapi usiku huu?

Mkaguzi wa Ushirika