Nilipata presha ya mimba zamani. Je, moyo wangu uko salama?

SWALI: Daktari, nina miaka 46 na watoto watatu. Kwenye mimba ya pili presha ilipanda, nikavimba uso na miguu, nikapasuliwa kabla ya wakati. Baadaye nikaambiwa nimepona. Mwaka huu nilipimwa presha kanisani, ikaonekana 152/96. Nilipewa vidonge vya mwezi mmoja. Vilipoisha sikurudi, kwa sababu siumwi kitu, ila nachoka upesi. Mama yangu alifariki kwa kiharusi. Wenzangu wanasema ugonjwa wa moyo ni wa wanaume wanene. Nifanye nini? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, umefanya vizuri kuitaja ile mimba ya pili. Wanawake wengi wakiulizwa kuhusu moyo hawaisemi, na wahudumu nasi mara nyingi hatuulizi.

Wenzako wamekosea. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua wanawake wengi zaidi duniani: karibu kifo kimoja kati ya vitatu. Wembamba nao haumkingi mtu.

Katika hali uliyopitia, ambayo wengi huiita kifafa cha mimba hata kama hakuna degedege, kondo la nyuma humwaga kwenye damu kemikali zinazojeruhi utando wa ndani wa mishipa. Kondo likishatoka presha kwa kawaida hushuka, mama anaruhusiwa kwenda nyumbani, na faili linafungwa. Lakini mwanamke huyo hubaki na hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi inayokaribia mara mbili ya mwenzake ambaye mimba zake zilikuwa na presha ya kawaida. Kisukari cha mimba nacho huacha onyo la namna hiyo. Ongeza kiharusi cha mama yako, na umri wako unaokaribia kukoma hedhi, wakati homoni ya estrojeni inaposhuka na lehemu mbaya kupanda. Ndiyo maana hiyo 152/96 siichukulii kirahisi.

Vidonge kuisha si ugonjwa kuisha. Presha kwa kawaida haiumi, huku ikiharibu moyo, figo na ubongo. Huna haja ya kuanzia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe, wiki hii. Simulia mimba zako zote. Omba upimwe presha kwa siku tofauti, sukari, lehemu, figo, mkojo, na wingi wa damu, maana uchovu wako unaweza kuwa wa upungufu wa damu au wa moyo wenyewe, na kwa kuangalia tu hatuwezi kutofautisha. Kipimo cha umeme wa moyo nacho kitasaidia. Usiazime vidonge vya jirani. Na kama bado unaweza kushika mimba, sema, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha humdhuru mtoto tumboni.

Siku ya kupimwa, kakojoe kwanza, kaa umeegemea kwa dakika tano bila kuongea, mkono ukiwa usawa wa moyo.

Jikoni, chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo imehesabiwa ile ya ng'onda, ya vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, na inayonyunyizwa kwenye chipsi na kachumbari. Weka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vifanye kazi hiyo. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu.

Utaniambia mazoezi unayafanya kutwa kwa kazi za nyumbani. Kulima na kubeba maji ni mazoezi kweli. Kusimama kwenye jiko la mkaa si mazoezi, na moshi wake unaumiza mishipa. Tafuta dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: mama hununua dawa ya mtoto, ya mume, ya mkwe, yake inasubiri mwezi ujao. Kaa na familia yako, useme wazi kwamba vidonge vyako vinaingia kwenye bajeti ya nyumba pamoja na unga na ada.

Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukibanwa kifua, ukikosa pumzi, ukitokwa jasho la baridi, au ukisikia maumivu yanayopanda kwenye taya, bega au mgongo. Kwa wanawake mshtuko wa moyo unaweza kuja pamoja na kichefuchefu na uchovu wa ghafla, ukadhaniwa ni vidonda vya tumbo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikataa kutoka, hicho ni kiharusi, usisubiri asubuhi.

Na kama una binti, mweleze yaliyokupata. Akishika mimba aende kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, ataje kwamba mama yake alipata presha ya mimba. Huko wataamua kama anahitaji aspirini ya dozi ndogo ya kumkinga, asijianzishie mwenyewe.