Namna ya Kumpendekezea Mwenzio Kitabu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliosema hivyo bila shaka walikuwa sokoni. Nyanya nzuri huonekana kwa macho. Kitabu kizuri huweza kukaa sandukuni miaka na mikaka, jalada limechanika, hakuna anayekigusa, huku kile chenye picha ya kupendeza kikigombaniwa kama mpira wa kona. Mpenzi msomaji, kitabu hakijiuzi hata kidogo. Huuzwa na kinywa cha mtu aliyekisoma.

Katika chama chetu cha Kiswahili tuna sanduku la vitabu vya hadithi, na pamoja nalo daftari moja kubwa la kurasa 200. Kila anayerudisha kitabu huandika nusu ukurasa juu ya alichosoma, ili mwenzake ajue kama akichukue au akipishe. Nimelisoma daftari hilo toka mwanzo hadi lilipofikia, nami nimeona yapo maandishi yanayosaidia na yapo yanayojaza karatasi tu. Ndiyo sababu nimeandika makala haya.

Kwanza tupige hesabu. Vitabu vyetu vingi ni nakala moja moja. Mtu anaruhusiwa kukaa na kitabu wiki mbili. Muhula una wiki 13 hivi, kwa hiyo kitabu kimoja hufikia wasomaji sita, ikiwa hakuna anayekichelewesha. Ukimsukumia mtu kitabu kisichomfaa, akakilaza chini ya mto wiki mbili, umemnyima mwingine zamu. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mwanafunzi ambaye kitabu chake cha kwanza cha hiari kilimchosha, mara nyingi harudi sandukuni. Hubaki na vitabu teule peke yake, na hivyo navyo atavisomea kwenye mwongozo. Tunawajua. Wengine tunakaa nao dawati moja.

Sasa tutenganishe maneno matatu ambayo wengi huyachanganya. Muhtasari husema yaliyotokea kitabuni, kwa ufupi. Tahakiki hupima: maudhui yako wapi, wahusika wamechorwaje, lugha imetumiwaje, mwandishi amefaulu wapi na ameteleza wapi. Pendekezo ni jambo jingine tena. Pendekezo humlenga mtu. Humwambia fulani kwamba kitabu hiki kitamfaa, au hakitamfaa, na kwa nini. Kurasa nyingi za daftari letu ni muhtasari, nadhani kwa sababu muhtasari ndio tuliozoea kuandika darasani na kupewa alama. Lakini aliyesimama mbele ya sanduku saa kumi na nusu jioni, na njia ya kwenda nyumbani ni ndefu, hataki muhtasari. Anataka kujua achukue kipi.

Basi anza na mtu kabla ya kitabu. Muulize kitabu cha mwisho alichomaliza bila kulazimishwa ni kipi. Akisema hana, muulize ni hadithi gani husikiliza hadi mwisho, hata kama ni ya redioni au ya nyanya yake. Kuna mvulana wa kidato cha kwanza aliyekuja akisema yeye vitabu havimwingii kichwani. Tukamwuliza anapenda nini. Akasema vitendawili, na kesi za wezi zinazosomwa kwenye habari. Kumpa huyo kitabu cha mawaidha ni kumfukuza. Alipewa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 ikachapishwa 1960. Mle ndani mna mtu aliyeuawa, mna mahali watu wanapopaogopa, na mna Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni ambaye haamini kwamba mizimu huua watu. Kijana yule alirudisha kitabu siku ya tano. Akauliza kama Bwana Msa ana kesi nyingine. Anazo.

Hapo sikukuambia ni nani aliyeua, na hiyo ndiyo kanuni inayovunjwa zaidi katika daftari letu. Jamani, msimwage mtama! Ukurasa mmoja (sitautaja nambari) unaeleza riwaya ya upelelezi kutoka maiti hadi pingu. Aliyeuandika alikuwa na nia njema, ila amekula nyama akatuachia mfupa. Mimi hutumia kipimo hiki: sema mambo ya robo ya kwanza ya kitabu, kisha nyamaza. Robo ya kwanza yatosha kuonyesha nani anataka nini na nani anamzuia. Kwa hadithi za upelelezi punguza zaidi. Kwa vitabu vya kifalsafa, ambavyo raha yake haiko mwishoni, unaweza kulegeza kamba kidogo, na mimi mwenyewe nitailegeza hapo mbele nikifika kwa Shaaban Robert.

Tuje kwenye ugonjwa mkubwa, ule wa "kizuri sana". Soma sentensi hii:

"Siku Njema ni kitabu kizuri sana chenye mafunzo mengi. Nawahimiza wote wakisome."

Hebu lifute jina la kitabu, utie jina lolote, hata la kitabu cha Hisabati. Sentensi bado inasimama, kweli au si kweli? Sentensi inayofaa kila kitabu haijasema lolote juu ya kitabu hiki. Tena hilo neno "wote" ni uvivu. Hakuna kitabu cha wote.

Linganisha na maneno haya, ambayo niliyaandika mimi na siyatoi kama mfano wa ufundi, bali kwa sababu nayajua yalikotoka:

"Riwaya hii ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inasimuliwa na Kongowea Mswahili mwenyewe. Mama yake ni mwimbaji wa taarabu mjini Tanga. Baba yake hamjui. Mama anafariki, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa, na mwishowe anafunga safari kuja Kenya kumtafuta huyo baba. Ukiwahi kuachwa kwa ndugu ukahesabu siku, hutaweza kukiweka chini. Methali na misemo ni mingi. Mimi niliiandika pembeni kwa insha zangu, rafiki yangu aliiruka yote, na sote wawili tulimaliza."

Angalia yaliyomo. Yamo mambo ya kitabu hiki hasa, ambayo huwezi kuyahamishia kwingine. Yumo msomaji anayekusudiwa. Limo pia jambo ambalo huenda likamchosha mtu, nalo limesemwa wazi. Anayechukia methali ameonywa, anayezitafuta ameitwa, na sentensi ni ileile moja. Hilo la kutaja kinachochosha huwaogopesha wengi, ati utakivunjia kitabu heshima. Kumbe ndilo linalofanya maneno yako mengine yaaminiwe. Mchuuzi anayekuambia kwamba maembe haya mawili ni machachu, wewe utanunua yale mengine bila kuyabonyeza.

Sasa nifike penye moto wenyewe. Muhula uliopita, mwanachama mmoja, dada wa kidato cha pili, aliandika juu ya Kusadikika. Si unajua Kusadikika ni kitabu cha nani? Ni cha Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, ambaye kila mwalimu humtaja akiwa amenyoosha mgongo. Kitabu kilitoka mwaka 1951. Dada huyo aliandika hivi: amekisoma chote, mjumbe wa kwanza alimfurahisha, lakini alipofika kwa mjumbe wa nne tayari alijua yatakayompata kabla ya kufunua ukurasa, na sentensi ni ndefu kama foleni ya maji. Akatia sahihi, jina na darasa.

Kukazuka maneno. Wengine walitaka ukurasa ung'olewe. Walisema mtoto wa kidato cha pili ni nani hata apime mabega na Shaaban Robert. Wengine wakahofia wageni wa siku ya Kiswahili wakilifungua daftari watatuonaje. Mwenyekiti aliita kikao chini ya mti.

Mimi nilisimama upande wa kuuacha ukurasa, na sababu zangu ni hizi. Alikimaliza kitabu, na kuna waliokitetea siku ile ambao hawakuwahi kukifungua. Pili, alitoa ushahidi unaoweza kukaguliwa: hesabu wajumbe, tazama yanayowapata. Hakusema "kibaya". Alisema kilimchosha wapi na kwa nini. Tatu, aliweka jina lake, kwa hiyo unaweza kumwendea mkabishana. Mtu wa namna hiyo ukimnyamazisha, muhula ujao kila mtu ataandika "kizuri sana chenye mafunzo mengi", na daftari litakuwa limekufa.

Hata hivyo sikukubaliana naye, na nililijibu neno lake pale pale chini ya maandishi yake, kwa wino mwingine. Katika kitabu hicho Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria katika nchi ya Kusadikika, nchi iliyo angani. Anajitetea mbele ya wenye enzi kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kuleta mema, wakarudi na kulipwa mabaya. Je, kwa nini sita? Mjumbe mmoja akiteswa, mshtaki atasema ni bahati mbaya. Wawili, atasema ni makosa ya siku zile. Sita, hapo ni desturi ya nchi, na desturi ndiyo inayoshtakiwa sasa. Kule kujirudia ndiko utetezi wenyewe wa Karama. Kwa hiyo uchovu alioupata msomaji wetu kwa mjumbe wa nne huenda ni jambo ambalo mwandishi alilijua.

Aliyasoma majibu yangu. Alisema ameelewa, lakini kwa mjumbe wa nne bado alichoka. Sawa. Siwezi kumwamuru asichoke. Ila tazama yaliyofuata: Kusadikika, kilichokuwa kimelala chini kabisa ya sanduku, kilipata majina matatu katika orodha ya kungojea, watu wakitaka kuona nani kati yetu ana haki. Sifa tupu hazijawahi kukifanyia hivyo.

Ukitaka kuandika kwamba kitabu hakikukupendeza, yako mambo machache ya adabu. Sema ulifika ukurasa gani. Aliyeachia ukurasa wa 20 ana haki ya kusema kwa nini aliachia hapo, lakini asituhukumie mwisho asioujua. Mseme mwandishi kwa kazi yake, wala si kwa kabila lake au nchi yake. Na usiandike uliyoyasikia kwa mwingine.

Kutahadharisha nako kuna nafasi yake. Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka 1980, kimewahi kuwa kitabu teule katika shule zetu. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, ambaye huko nje anaheshimiwa. Akitoroka anaangukia ulevi na ukahaba. Nikimpa mtu kitabu hicho humwambia mapema kwamba mna mambo mazito, kisha namwachia mwenyewe aamue. Kutahadharisha si kukataza. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, kilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania, na baadaye kikaja kusomwa humo humo madarasani.

Neno kwa walimu wetu, kwa heshima zote. Mmoja wenu aliandika katika daftari maneno matatu tu: "Kinafaa kwa mtihani." Mwalimu, twajua. Tungependa kusikia kama kilikufaa wewe ulipokuwa na miaka kumi na sita.

Juu ya ukurasa andika jina la kitabu, mwandishi, mwaka na idadi ya kurasa, maana anayesoma kwa taa ya koroboi anataka kujua ni kurasa 90 au 300. Chini weka jina na darasa. Sanduku hufunguliwa Jumanne na Alhamisi baada ya michezo, na daftari limefungwa kwa kamba pembeni, kalamu mje nazo. Hadi ninapoandika haya, Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1972, hakina hata mstari mmoja ndani ya daftari. Nakala ipo, na kurasa zote zipo, nimezihesabu.