RAHISI GHALI: KUPANGA MALTON UKIPATA KAZI TORONTO



Kila mahafali yakikaribia swali ni lile lile: "Nimepata kazi Toronto, sasa nikapange wapi?" Kodi za katikati ya jiji zinatisha, na ukiulizauliza haichukui muda utaambiwa, "Nenda Malton, huko kuna unafuu." Ushauri huo si mbaya, ila ni nusu tu ya jibu. Katika makala haya nataka tujifunze kuupigia mtaa hesabu kabla ya kusaini mkataba, na Malton ndio mfano wetu. Wahenga walisema rahisi ghali, na kwenye nyumba msemo huu ni kweli tupu.

1. Malton ni wapi hasa?

Kwanza tuelewane: Malton si Toronto. Ni kona ya kaskazini mashariki ya jiji la Mississauga, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Pearson. Upande mmoja imepakana na Brampton, upande mwingine na Rexdale ambayo ni ya Toronto. Wapunjabi ni wengi sana pale, na Rexdale kuna Wasomali wengi. Kwa hiyo mchele, viungo vya pilau, bamia na nyama ya halali havikusumbui.

Mtaa huu ulikua kwa sababu ya kazi. Mwaka 1942, wakati wa vita, zilijengwa nyumba ndogo ndogo za wafanyakazi wa kiwanda cha ndege cha Victory Aircraft, na eneo lile linaitwa Victory Village mpaka leo. Baada ya vita kiwanda kikawa cha Avro. Tarehe 20 Februari 1959 serikali ilifuta mradi wa ndege ya Avro Arrow, na takriban watu 14,000 wakapoteza kazi siku ile ile. Hapo kuna somo mbili: kukaa karibu na kazi kunaokoa pesa, lakini usichague mtaa unaofaa kwa mwajiri mmoja tu.

2. Kodi si bei yote

Tuchukue mfano, tarakimu za kodi ni za kujifunzia tu. Chumba karibu na kazi yako mjini ni dola 1,300; Malton ni dola 900. Umeokoa 400. Lakini ukipoteza dakika 45 za ziada kwenda na 45 kurudi, hiyo ni saa moja na nusu kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni saa 33. Kima cha chini cha mshahara Ontario tangu Oktoba 2025 ni dola 17.60 kwa saa. Zidisha: karibu dola 581. Ile 400 yako imeishia njiani!

Sasa igeuze. Kama kazi ni ya boksi kwenye maghala ya Pearson, au ni ofisi iliyo Brampton, Malton inakupa kodi nafuu na safari fupi pia. Ndio maana jibu la rafiki yako haliwezi kuwa lako.

3. Usafiri

Stendi kubwa ya mabasi ni Westwood, barabara ya Goreway. Treni ya GO ya njia ya Kitchener inasimama Malton na kukufikisha Union, katikati ya jiji. Usichanganye na UP Express: hiyo inatoka Pearson kwenda Union lakini haisimami Malton. Zamani ukivuka mpaka wa Toronto ulilipa nauli mara mbili. Tangu tarehe 26 Februari 2024, ukitumia kadi ile ile kutoka MiWay kwenda TTC ndani ya saa mbili, hulipi tena. Na Desemba 2025 ilifunguliwa reli ya Finch West, inayoanzia Humber College, si mbali na Malton.

Angalia ratiba ya saa ZAKO. Mwenye zamu ya saa kumi alfajiri asihukumu mtaa kwa basi la saa sita mchana. Na ukifikiria kununua gari, uliza bei ya bima kabla ya kuhamia, maana Ontario bima inaangalia pia unapoishi, na eneo la Brampton lina sifa ya kuwa ghali.

4. Besimenti na sheria

Vyumba vingi vya bei nafuu ni vya chini ya nyumba ya mtu. Hapa fungua macho. Ukitumia jiko moja au bafu moja na mwenye nyumba anayeishi humo humo, sheria ya upangaji ya Ontario haikulindi. Akikuambia uhame wiki ijayo, huna pa kushtakia kwenye Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji. Ukiwa na jiko lako na bafu lako, mambo ni haya:

- Amana ni ya kodi ya mwezi wa mwisho tu, isizidi kodi ya mwezi mmoja. Amana ya "ukiharibu kitu" hairuhusiwi.
- Kodi inapandishwa mara moja kwa miezi 12, kwa notisi ya maandishi ya siku 90. Kiwango cha juu mwaka 2026 ni asilimia 2.1, isipokuwa makazi yaliyoanza kukaliwa baada ya tarehe 15 Novemba 2018.
- Ukiomba risiti, ni haki yako kupewa bure.

Kagua ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksaidi, na uone pa kutokea moto ukizuka. Na usitume pesa kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hamjakiona kwa macho.

5. Kabla ya kusaini

Nenda mara mbili: asubuhi ya siku ya kazi, ukipanda basi lenyewe mpaka mlango wa ofisi, halafu usiku. Simama nje kimya na usikilize ndege zinavyopita. Wengine huzizoea, wengine hawalali. Kisha andika kwenye karatasi kodi, nauli, saa za njiani na bima, ujumlishe. Jumla ikikupendeza, hamia kwa roho safi. Isipokupendeza, tafuta kwingine hata kama kila mtu anasema Malton.

Nawatakia kila la heri na mshahara wa kwanza.