Karani, Mashine na Stakabadhi ya Mkulima



Wengi wenu mmetuuliza habari ya hii akili ya mashine, ambayo magazetini huitwa akili mnemba, na mmetaka kujua kama itawaondoa makarani maafisini. Swali hili si dogo. Wapo wanachama waliosomesha watoto kwa pesa za karafuu ili wapate kazi hiyo hiyo ya kalamu, na wapo ambao mapato yao ya msimu mzima hukaa katika mstari mmoja wa daftari la karani. Basi katika toleo hili twaeleza kadiri tujuavyo.

Kwanza yafaa kufahamu mashine hiyo hufanya nini. Kikokotozi hujumlisha, na jawabu lake ni moja tu. Mashine hii mpya ni jinsi nyingine. Imelishwa maandishi mengi mno ya watu, na kutokana na hayo imejifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiambia ikuandikie barua kwa Mkuu wa Wilaya, itaandika mara moja, tena kwa adabu. Lakini ikikosa habari, mara nyingi haisiti kama mtu anavyosita. Huendelea kwa sauti ile ile na kutia jambo lisilokuwapo. Karani wa kibinadamu akibahatisha, uso wake humfichua. Mashine haina uso.

Mashine za namna hii zilianza kujulikana na watu wengi mwishoni mwa mwaka 2022, kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI ilipotoa ChatGPT. Mwaka uliofuata Shirika la Kazi Duniani lilichunguza kazi za aina mbalimbali, likaona kwamba ukarani ndio unaoguswa kuliko kazi nyingine zote: katika kila shughuli 100 za karani, 24 zaweza kuguswa sana, na 58 kwa kiasi cha kati. Wanawake wataguswa zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wengi katika kazi hizo. Hapa kwetu Tanzania, Mahakama imekwisha kuingiza mtambo wa kusikiliza maneno yasemwayo barazani, kuyageuza maandishi, na kuyafasiri baina ya Kiswahili na Kiingereza, kazi ambayo majaji na mahakimu walikuwa wakiifanya kwa mkono hata vidole vikafa ganzi.

Na liko jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha. Mashine isemwayo kuwa itaondoa makarani ilifunzwa na makarani. Huko Nairobi vijana waliajiriwa kusoma na kupanga maandishi machafu ili mashine ijue ya kuepuka, na Januari 2023 gazeti la Time lilieleza kwamba ujira wao haukufika dola 2 kwa saa.

Sasa tuvuke bahari twende kwa wakulima wa pamba, maana wao walipambana na mambo ya karani na mizani kabla yetu. Didia ni kata ya wilaya ya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, upande wa barabara iendayo Tinde. Mwenzetu mmoja, karani wa chama cha msingi huko, ametueleza kazi yake. Msimu ukifunguliwa hushinda mizanini akiandika kilo na kutoa stakabadhi. Usiku huhamisha hesabu daftarini. Msimu ukiisha hubaki na barua, kumbukumbu za mikutano na taarifa za wilayani. Barua na kumbukumbu sasa huzipata katika simu kwa dakika chache. Halmashauri yake imeona hivyo, na baadhi ya wajumbe wanauliza kwa nini alipwe mwaka mzima.

Jawabu lake lilitupendeza. Alisema mkulima ajapo kulalamika kwamba kilo zake si sahihi, hamwulizi simu, humwuliza yeye. Naye hukumbuka gunia lile lilikuwa limechanika, na nani alikuwa nyuma yake mstarini.

Wazee wa Usukuma wangemfahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima huko walishuku mizani za wanunuzi wa pamba. Hawakukataa mizani, bali waliweka wapimaji wao wenyewe wasimame penye ununuzi na kupima tena. Katika juhudi hizo vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, ambalo lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Lakini baadaye mizani ilipokuwa mikononi mwa chama chenyewe, wakulima walianza kuwalalamikia watu wao wenyewe, hata mwaka 1966 Serikali ikaunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika. Mwaka 1976 vyama hivyo vikavunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo mpimaji naye alihitaji wa kumpima.

Sisi afisini tumeijaribu mashine hii kwa barua na kwa kumbukumbu za mikutano, na kusema kweli imetupunguzia kazi. Tulipoipa orodha ya kujaribia, iliyokuwa na majina mawili yanayofanana, moja la Wete na moja la Mkoani, iliwafanya watu hao kuwa mtu mmoja na kuunganisha kilo zao. Mtu wa Pemba hawezi kukosea hivyo, kwa sababu anajua majina yetu yanavyorudiarudia na humwuliza mtu jina la babu yake.

Kwa ajili hiyo twapendekeza kwa halmashauri kwamba mashine iandike barua, taarifa na matangazo, na katibu asome kila neno kabla ya kutia sahihi. Kilo za karafuu na makonyo, madeni na malipo ya wachumaji viendelee kuandikwa na mtu, mbele ya mwenye mali, kwa nakala mbili. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba deni huandikwa na hushuhudiwa, na mashine hatujui itaitwaje kutoa ushahidi. Tena daftari la wanachama lisitiwe katika mashine hizo kabisa. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Na hata pasingekuwa na sheria, jina la mtu na deni lake ni amana.

Juu ya mishahara ya makarani, rai yetu ni kwamba saa zinazookolewa katika barua zitumike kwenda mashambani na vituoni kulinganisha stakabadhi na daftari, kazi ambayo miaka yote hukosa mtu. Wapo wajumbe wasiokubaliana nasi, na hoja yao ya gharama ina uzito. Jambo hili litaamuliwa katika mkutano mkuu. Wenye stakabadhi za msimu uliopita tafadhali waje nazo.